Kumpokea Wambura Zamu

Tangu nirudi, kila anayekuja kunipa pole ananiuliza swali lilelile: ulimwahi? Jibu fupi ni hapana, sikumwahi. Lakini jibu fupi haliwaridhishi watu. Wanakaa, wanasubiri, na mimi nimechoka kusimulia vipande vipande, huyu nampa Bunda, yule nampa Butiama, mwingine anaondoka akidhani nilizama ziwani. Kwa hiyo naandika yote mara moja, mgawane wenyewe.

Kwanza niwaeleze nilikuwa nafuata nini, maana si wote mnaoijua kazi yetu. Mimi na Wambura tulikuwa watazamaji wa hali ya hewa kwenye kituo kidogo cha kilimani, nje ya mji wa Njombe. Kazi yenyewe ni kulitazama anga. Unaligawa kwa macho mafungu manane, unasema mawingu yamechukua mangapi, ni ya namna gani, yanatoka wapi. Vipimo vinaingia kwenye kompyuta, ila sisi wawili tulikuwa na desturi yetu juu ya hiyo. Anayemaliza zamu anamsimulia mwenzake anga kwa mdomo, wote wamesimama nje, kisha anamalizia, "Nakuachia anga." Anayeingia anajibu, "Nimelipokea." Kabla hujajibiwa hukai, huvui viatu, huendi popote. Asubuhi moja ya baridi nilinyamaza makusudi nione atafanya nini. Wambura alisimama tu, mfuko begani, kamasi zinamtoka, mpaka nikamwonea huruma nikajibu. Ndipo akakaa, akavua buti zake, akasema mimi nitakuja kumuua mtu kwa utani.

Alipougua aliugulia zamuni. Dereva alimkimbiza hospitali, na baadaye ndugu yake akaja kumchukua akapate nafuu nyumbani kwao. Nilipofika kazini siku ile nilikuta kiti chake kiko nje na chai yake imepoa. Hakunikabidhi. Nikaendelea na kazi, wiki zikapita, na kila nilipotoka nje kutazama mawingu nilijiona kama ninayeyaiba. Kwa sheria yetu, Wambura alikuwa bado yuko zamu.

Halafu bosi akanipigia: Wambura amefariki, anazikwa Jumamosi mchana, kwao Musoma. Nililia, nikapanga nguo. Nilitaka kitu kimoja tu, nisimame karibu na jeneza kabla halijafukiwa nimwambie nimelipokea, akapumzike. Nilijua mtu mzima hasafiri nusu ya nchi kwenda kusema neno moja kwa mtu asiyesikia. Nikasafiri hivyo hivyo.

Njombe hadi Dodoma

Niliondoka na ukungu wetu ule wa alfajiri, unaoingia mpaka ndani ya mikono ya sweta. Jirani yangu wa kiti alikuwa mama anayepeleka ndoo za parachichi Singida. Aliniuliza nakwenda wapi, nikamwambia msibani, basi akaacha maswali. Baadaye kidogo alipasua parachichi, akanikabidhi nusu na kijiko, akasema mfiwa ale kitu laini, kigumu kitamkaba.

Nililala na kuamka, kuamka na kulala. Kila nilipofumbua macho palikuwa na anga jingine dirishani. Kwa kazi yangu nimezoea kukaa mahali pamoja, mawingu yanakuja yenyewe na kupita. Safari hii mimi ndiye niliyekuwa napita, na yale mawingu ya Iringa yalibaki yamesimama juu ya milima kama watu wanaomsindikiza mgeni na kuishia njiapanda. Nilitaka kumsimulia Wambura jambo hilo. Nilishaitoa simu mfukoni ndipo nikakumbuka.

Dodoma nililala nyumba ya wageni ya karibu na stendi. Chakula sikumbuki.

Singida hadi Lamadi

Siku ya pili tulipanda basi jingine, na basi hilo likatugomea tukiwa tumeshaipita Singida, mahali penye mawe makubwa na hakuna kingine. Mkanda wa injini ulikatika. Dereva aliteremka, akautazama, akatuambia bila haraka yoyote kwamba chuma nacho huchoka, tumpe nafasi. Nafasi hiyo ilikula mchana wote. Kuna abiria waliogomba, kuna waliosali, na mzee mmoja alifungua tikiti akaligawa kwa wote, hata kwa waliokuwa wakigomba, nao wakagomba huku wanatema mbegu.

Nilimpigia ndugu yake Wambura ambaye namba yake nilipewa na bosi. Haipatikani. Nikapiga tena. Msibani simu hazichajiwi, nilijiambia, nani ana muda.

Nikatafuta kivuli cha jiwe, nikatazama juu. Mawingu mawili kwa nane, meupe, madogo, hayana kazi. Joto likanipitisha usingizini, na humo nikamwona Wambura amesimama mlangoni pa kituo na mfuko wake begani, hanung'uniki, anasubiri. Nilitaka kumjibu lakini mdomo ulikuwa umejaa tikiti. Nimeshaota ndoto nyingi za kutisha maishani, hiyo haikutisha hata kidogo, ila niliamka nalia na mama mmoja abiria akadhani nimeumwa na siafu.

Tulifika Lamadi kunapambazuka Jumamosi. Upande wa kushoto palikuwa na weupe uliolala chini kabisa, nikadhani ni ukungu. Kondakta akasema ndilo ziwa lenyewe. Upande wa kulia nyika ya Serengeti ilikuwa bado ya buluu, na pundamilia wachache wamesimama kando ya barabara kama wanaosubiri usafiri.

Bunda

Bunda tulisimama kunywa chai. Mama lishe alinipa supu ya sato na chapati, na nilipomaliza akaninong'oneza kwamba uso wangu haufai, niende bombani ninawe. Akaniuliza nakwenda wapi.

"Musoma, msibani."

"Pole, dada. Musoma ya wapi?"

Nilikuwa nimechoka, na mimi nikichoka sina adabu. Nilimjibu kwamba Musoma ninayoijua ni moja, kama wao wanazo nyingine wazitangaze. Akacheka, akachukua bakuli lake. Ningekuwa na akili siku ile ningekaa nimuulize ana maana gani.

Kutoka hapo barabara inapita katikati ya mashamba ya pamba na vilima vya mawe yaliyopangana kama viazi kwenye debe. Tuliipita Kiabakari. Pale Makutano konda alipaza sauti, wa Butiama washuke. Baba mmoja wa upande wa dirishani alitaka kupita, nami nikakunja magoti yangu vizuri kabisa ili apite, nikamtakia safari njema.

Musoma

Wambura alipenda kusimulia Mwisenge, mtaa wa pale mjini. Alisoma huko utotoni, akikaa kwa shangazi yake, na jioni walikuwa wakiteremka ziwani kuoga na kurudi wananuka samaki. Kwa hiyo niliposhuka stendi sikuwa na wasiwasi. Nikamwambia wa bodaboda anipeleke Mwisenge, kwenye msiba. Akasema msiba anaujua, nipande.

Ulikuwepo kweli. Turubai, viti vya plastiki, wanawake kwenye mikeka, moshi wa kuni nyuma ya nyumba, jeneza ndani sebuleni. Nilipouona ule mlango nguvu zote za siku tatu zikaniishia. Nililia kwa sauti tangu getini. Wanawake wawili wakanipokea, wakanikalisha, mmoja akanifunga kanga kiunoni, mwingine akanisugua mgongo. Hakuna aliyeniuliza jina wala nimetoka wapi. Huko, na nadhani hata kwetu, mtu akija analia haulizwi ameitwa na nani.

Nilipopata pumzi nilipewa sinia la mchele nichambue. Nikachambua. Wanawake wakaimba pambio moja polepole, nami nikafuatisha pale nilipoweza. Nilikuwa nimetulia kuliko siku yoyote tangu nisikie habari ile. Nilijiambia wakifungua mlango nitaingia, nitasimama, nitasema neno langu.

Ndipo mchungaji akasimama kueleza habari za marehemu. Akasema mama yetu huyu ameuza dagaa sokoni Mukendo tangu watu wengi waliokaa hapa hawajazaliwa, na hajapata kumpunja mtu kipimo.

Nilidhani anaanza na habari za mama yake Wambura. Kwetu wapo wachungaji wa namna hiyo, wanaanzia kwa Adamu. Nikasubiri afike kwa mwanawe. Hakufika. Mlango ukafunguliwa, na picha iliyokuwa juu ya jeneza ilikuwa ya bibi mwenye kilemba cha zambarau, anacheka.

Nilimgeukia aliyekuwa karibu yangu, yule aliyenifunga kanga. Aliitwa Mama Neema, binti wa marehemu. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba nadhani nimelia msiba usio wangu. Kisha akajifunika uso kwa kanga, mabega yakawa yanatikisika, na waliotuona walidhani amezidiwa na huzuni.

"Dada, umemlilia mama kuliko sisi aliotuzaa," akasema alipoweza. "Wewe msiba wako ni wa nani?"

Nikamweleza. Wambura, wa hali ya hewa, kutoka Njombe, kwao Musoma. Akaita wawili watatu, wakashauriana kwa lugha yao, mwisho akanirudia na huruma usoni.

"Huyo ni wa Butiama. Ulitakiwa ushukie Makutano."

"Yeye alisema Musoma. Miaka yote alisema Musoma."

"Sisi tukiwaga huko mbali tunasemaga Musoma wote, hata mtu wa Tarime. Ukisema kijiji nani atakijua?"

Nikasimama kutafuta viatu. Hapo ndipo adabu ya watu ilipogongana na haraka yangu. Mama Neema akanishika mkono, akasema siwezi kutoka kwa mama yake na njaa, hata kama nimekosea mlango. Mama hakuwahi kumruhusu mtu aondoke hivyo, na siku ya kumzika si siku ya kuanza. Nilitazama jua. Nikamtazama yeye. Nikakaa.

Nililetewa ugali wa muhogo, mweusi, unaovutika kama ubani wa kutafuna, na samaki mzima. Mtu wa Njombe amezoea sembe na viazi. Tonge la kwanza lilinishinda, nikalitafuna hadi wanawake wakaanza kunionyesha kwamba lile halitafunwi, linamezwa. Nilimeza. Lilikuwa tamu, na nililia tena juu ya lile sinia, safari hii kidogo kwa ajili ya bibi wa kilemba cha zambarau pia. Mama Neema akanifungia dagaa wakavu kwenye kitambaa. Alisema nisiingie kule mikono mitupu, msiba huu unausalimia msiba ule.

Kwenye kirikuu cha viti

Usafiri alinitafutia yeye mwenyewe. Bwana Mafuru ndiye mwenye turubai na viti, anakodisha misiba ya upande wote huo, na siku hiyo alikuwa na kazi kwenye msiba huohuo wa Butiama. Nikapanda naye kwenye kirikuu chake, kigari kidogo cha mizigo, mbele, dagaa mapajani.

Mwanzoni nilifurahi. Nilimuuliza kama anapeleka viti. Akasema hapana, vilishapelekwa jana, leo anakwenda kuvikusanya.

Hata mgeni anajua viti hukusanywa lini.

Basi nikatazama nje. Mchana ulikuwa umelegea. Juu ya Makutano mawingu yalikuwa yameanza kupanda, meupe juu, chini yamenyooka kama yaliyokatwa kwa kisu, na kivuli cha kila moja kilitembea peke yake juu ya mashamba, kikapanda nyumba, kikashuka, kikavuka barabara mbele yetu bila kutazama. Bwana Mafuru aliendesha polepole. Nilipata hisia kwamba hatufiki popote, kwamba ni vilima vinavyotupita, na kwamba nikikaa kimya vya kutosha Jumamosi hii haitakwisha na mimi nitakuwa daima niko njiani kwenda kumwona. Kisha akapunguza mwendo kwa ajili ya ng'ombe, akapiga honi, na tukawa tumeingia Butiama.

Butiama

Nyumba ya kina Wambura iko mbele kidogo ya eneo la Mwitongo, kwenye mteremko wenye mihogo na mawe. Viti vilikuwa vimeshapangwa kimoja juu ya kingine. Wanawake walikuwa wakisugua masufuria. Nyuma ya nyumba niliona udongo mwekundu, mbichi, na msalaba, na maua ya karatasi juu yake. Sikuweza kulia. Machozi yote nilikuwa nimeyamwaga Mwisenge.

Nilisalimia, nikasema mimi ni Tumaini, nafanya kazi na marehemu, natoka Njombe. Sauti ya masufuria ikakoma. Wanaume wa ukoo wakatazama pembeni kwa heshima, na wanawake wakanitazama mimi moja kwa moja, kanga ya watu kiunoni, vumbi mpaka kope, dagaa mkononi. Nilielewa vizuri walichokuwa wakifikiri. Mwanamke anayetoka mbali namna hiyo, peke yake, kumlilia mume wa mtu, hata mimi ningemfikiria.

Mke wake alitoka ndani. Mama Magoti ni mrefu, mkavu, na siku hiyo alikuwa amevaa viatu vya kufunga kamba, vya kiume. Nilivijua. Zilikuwa buti za kituoni.

"Wewe ndiye wa mawingu," akasema.

"Ndiyo, mama. Pole sana."

"Nilikuwaga nakuonea wivu." Alisema mbele ya watu wote, bila ukali. "Kila akitoka kazini ananipigia simu, nimemwachia anga Tumaini, sasa nakwenda kulala. Nikajiuliza, huyu anaachiwa anga, mimi naachiwa nini? Mihogo."

Mwanamke mmoja kwenye masufuria alicheka kabla hajajizuia. Mama Magoti naye akakaribia kutabasamu. Nilimwambia kwamba mimi nilimwita marehemu kaka, toka siku ya kwanza mpaka ya mwisho, na kama angekubali ningependa kumwita yeye wifi. Alifikiri kidogo. Akapokea dagaa, akawapa wenzake, akanishika mkono kunipeleka nyuma ya nyumba.

Tulisimama kaburini. Nilimwambia ukweli, kwamba nimechelewa, nilitaka kumwambia neno moja kabla hawajamfunika. Nikamweleza ile desturi yetu, na kwamba aliondoka zamuni bila kukabidhi.

"Alikabidhi," akasema Mama Magoti.

Nikamtazama.

Akasema jioni ya mwisho mumewe aliomba atolewe nje. Walimweka kwenye kiti, akatazama juu muda mrefu, kisha akamwita yeye na kumwambia anga lilivyo. Akamtaka arudie. Akikosea anamrudisha mwanzo kama mtoto wa shule. "Nikamwambia, mimi si mtu wa ofisi, andika. Akasema haiandikwagi hii, inasemwa. Mwenzangu atakuja kuuliza, usimwambie hovyo. Usiku ule ule akaenda." Akavuta pumzi. "Tangu hapo naogopa kusahau. Watu wanalia, mimi nalia huku narudia. Mchungaji anaomba, mimi narudia. Na hizi buti alinivalisha siku hiyo, akasema ndizo za zamu. Sijazivua ila kulala."

Nilikuwa nimekuja kumpumzisha mtu aliyekwisha kupumzika, na kumbe aliyekuwa zamuni ni huyu.

Alisimama wima, mikono imeshuka ubavuni, akatazama si mimi wala kaburi, akatazama juu.

"Mawingu sita kwa nane. Ya chini ni mafungu mafungu, yanatokea mashariki. Upande wa Serengeti kuna wingu la radi, linamulika, sauti haijafika. Ziwani kweupe. Upepo umelala. Mvua itakuja usiku, si kubwa." Alisita, midomo ikicheza, akakipata kilichobaki. "Nakuachia anga."

Bwana Mafuru alikuwa amesimama na viti mikononi, hapakizi.

"Nimelipokea, wifi," nikasema.

Mama Magoti akaendelea kunitazama, kama anayetaka kuhakikisha. Kisha akakaa juu ya jiwe lililokuwa karibu na udongo, akainama, akafungua kamba, akavua viatu.